Ndoo moja ya kamba wekundu: Kwa nini nilimwambia binamu yangu wa Rukanga aiache Naivasha

Sauti iliingia kwenye WhatsApp saa tano usiku. Dakika tatu na nusu. Binamu yangu wa Rukanga si mtu wa kuandika. Akiwa na jambo, anabonyeza kimaikrofoni na kumwaga yote.

"Kaka, nimepata dili safi," akaanza. "Safari hii usinicheke."

Dili lenyewe lilikuwa hivi. Rafiki yake aliyesoma naye sasa anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Huko kuna mnyama mwekundu wa majini, ana magando kama kaa na mkia kama kamba. Mtandaoni binamu yangu ameona video za watu wa China wakiketi mbele ya sinia zima la wanyama hao, wamevaa glavu, wanakula hadi jasho linawatoka. Akapiga hesabu. Wachache kwenye ndoo, nyasi mbichi juu, matatu hadi Nairobi, basi la Mombasa hadi Maungu, bodaboda hadi nyumbani. Kisha anawamwaga kwenye silanga.

"Hawa hawahitaji hata chakula cha duka. Wanakula majani tu! Na wanazaana, wee, sungura ni nini? Nitumie elfu tano ya kuanzia."

Nikamwambia nipe siku chache. Sikutaka kumvunja moyo. Ukiwa kijana Rukanga, kazi si za kuokota. Kijiji kiko chini ya Mlima Kasigau, katika kaunti ndogo ya Voi, kwenye ile nchi kavu iliyo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mtu akikwambia amepata kitu kinachojilisha na kujizalisha chenyewe, lazima usikilize.

Basi nikasikiliza, kisha nikaanza kusoma. Nilichokipata ndicho ninachokuandikia hapa. Inawezekana na wewe umeona video hizo, au una binamu aliyeziona.

Ni kaa au ni kamba?

Tuanze na jina. Wanasayansi humwita Procambarus clarkii. Naivasha wengi humwita krefishi. Mimi nitamwita kamba mwekundu, maana ukimwona ndivyo utakavyosema: kamba aliyenenepa, akaazima magando ya kaa.

Hajakosea aliyemwona kaa. Kaa, kamba wa baharini na huyu mwekundu wote ni wa ukoo mmoja wa wanyama wenye miguu kumi na gamba gumu. Tofauti ni kwamba kaa ameukunja mkia wake chini ya tumbo, huyu ameuacha nyuma. Akishtuka anaupiga mkia ule mara moja na kurudi kinyumenyume kama mshale.

Mkubwa hufika sentimita 10 hivi, wengine 12. Wadogo huwa na rangi ya kijani au hudhurungi, wakikomaa ndio wanakuwa wekundu wa damu. Asili yao ni kusini mwa Marekani, hasa Louisiana, na kaskazini mwa Mexico.

Sasa shika jambo hili, maana kila kitu kinatoka hapo. Bara la Afrika halina krefishi wake wa asili. Madagascar inao, lakini huku bara hakuna hata aina moja. Sisi tuna kaa wa mitoni. Kwa hiyo samaki wetu, konokono wetu na mimea yetu ya majini haikuwahi kuishi na mnyama wa namna hii. Akiingia, anakuta mji usio na polisi.

Tumbo lisilochagua

Binamu yangu alisema wanakula majani tu. Nusu ni kweli.

Mimea ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake, mibichi na iliyooza. Lakini pia anakula mwani, wadudu, konokono, viluwiluwi, mayai ya samaki, mizoga, na akikosa vyote hivyo anamla mwenzake aliyetoka kujivua gamba na bado ni laini.

Kwa mimea, tatizo ni kwamba yeye hukata kuliko anavyokula. Anashika shina kwa gando, analikata chini, anatafuna kidogo, sehemu iliyobaki inaelea na kwenda zake. Ukitoa mimea majini, umetoa mambo mengi kwa pamoja. Vifaranga vya samaki wanakosa pa kujificha. Tope lililoshikiliwa na mizizi linavurugika. Maji yanakuwa kama chai ya maziwa, mwanga haufiki chini, na hata mmea uliobaki unashindwa kuota.

Kuhusu kuzaana, hapo binamu yangu alisema kweli tupu. Jike mkubwa anaweza kubeba mayai 500 au zaidi, ameyabandika chini ya mkia kama zabibu. Kwenye maji ya joto huanguliwa baada ya wiki chache, na watoto huendelea kumng'ang'ania mama kwa muda kabla ya kwenda kujitafutia. Baada ya miezi michache tu nao wamekomaa. Isitoshe, jike akishapandwa anaweza kuhifadhi mbegu za dume na kuzitumia baadaye. Yaani ndoo yenye jike mmoja peke yake inaweza kuwa tayari ni familia nzima.

Naivasha, 1970

Hakuja Kenya kwa kujificha kwenye meli. Aliletwa, tena na watu wazima wenye nia njema.

Mnamo 1966 walitolewa Uganda, ambako walikuwa wameshaingizwa miaka michache kabla, wakawekwa kwenye mabwawa ya Subukia, si mbali na Nakuru. Kisha mwaka 1970 wachache wakahamishiwa Ziwa Naivasha. Wazo lilikuwa kuongeza aina za kitoweo na kipato kwa wavuvi. Ni wazo lile lile la binamu yangu, ila lilikuwa na muhuri wa ofisi.

Mwanzoni lilikwenda vizuri ajabu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kamba wekundu wa Naivasha walikuwa wakisafirishwa Ulaya kwa mamia ya tani kwa mwaka. Ulaya ilikuwa na njaa nao kwa sababu krefishi wake wa asili walikuwa wamefagiliwa na tauni, ugonjwa wa ukungu unaobebwa na krefishi wa Marekani bila wao wenyewe kuugua sana. Kejeli ya dunia hiyo: jamaa wa mgonjwa anauziwa jeneza na aliyemwambukiza.

Halafu mambo yakageuka. Ziwa Naivasha lilikuwa maarufu kwa mayungiyungi yake ya bluu, yaliyotanda kandokando kama zulia, na chini ya maji kulikuwa na misitu ya mimea iliyozama. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mayungiyungi yalikuwa yamekwisha karibu yote, na ile misitu ya chini ya maji ikatoweka. Biashara ya nje nayo ikadorora. Wavuvi wakabaki na kazi ya ziada, maana kamba hao waliingia kwenye nyavu na kuwatafuna samaki walionaswa kabla mwenyewe hajafika.

Tuwe waungwana hapa. Si yeye peke yake aliyeliumiza ziwa lile. Watu walikuwa wakilimwagia wageni tangu zamani: samaki aina ya bass kutoka Marekani mwaka 1929, tilapia katika miaka ya 1950, gugu la salvinia katika miaka ya 1960, gugu maji mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha carp aliyeonekana 2001 na baadaye kutawala nyavu za wavuvi. Ongeza kina cha maji kinachopanda na kushuka, mashamba, na mji uliokua haraka. Ziwa lina majeraha mengi.

Lakini watafiti waliolifuatilia kwa miaka mingi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza wakiongozwa na David Harper, waliona mchezo wa kupokezana. Kamba wekundu wakiwa wengi, mimea ya chini ya maji inatoweka. Chakula kikiisha, kamba wanapungua, na mimea inaanza kurudi. Mimea ikirudi, kamba nao wanaongezeka. Kama bembea ya watoto, huyu juu, yule chini.

Kila safari ina mtu na ndoo

Nikajiuliza, kutoka Louisiana hadi Naivasha, huyu mnyama alifikaje? Nikafuata nyayo zake duniani, na kila mahali nikakuta kitu kimoja: mtu.

Japani ilimpokea mwaka 1927. Inasimuliwa kuwa ni 20 hivi tu waliofika wazima, na walikuwa hawakuletwa hata waliwe na watu. Walikuwa chakula cha vyura wa kufugwa! Vyura wakasahauliwa, kamba wakaenea nchi nzima, hadi watoto wa shule wakawa wanawafuga kwenye ndoo. Mwaka 2023 serikali ya Japani ikapiga marufuku kuwauza na kuwaachilia porini.

Kutoka Japani waliingia China. Huko ndiko kwenye zile video. China leo inazalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, ni biashara kubwa isiyo na mfano. Lakini hata huko, walipofika hakuna aliyekuwa akiota sinia la pilipili; biashara ilikuja miongo mingi baadaye.

Hispania iliwaingiza kusini, kwenye mashamba ya mpunga ya mto Guadalquivir, mwaka 1974. Wakaenea Ulaya. Sasa Umoja wa Ulaya umewaweka kwenye orodha ya viumbe wageni hatari tangu 2016, na hawaruhusiwi kuingizwa, kufugwa wala kuachiliwa ovyo.

Misri wako kwenye Nile. Rwanda wako. Uganda wako Ziwa Bunyonyi, ambako watalii huwaagiza hotelini. Hapa Kenya wametoka Naivasha na kupatikana kwenye mito inayoliingia ziwa hilo, na pia kwenye mfumo wa Ewaso Ng'iro upande wa Laikipia. Huko Laikipia watafiti walichunguza jambo ambalo sikulitarajia: kadiri krefishi walivyoshika mito, kaa wa asili walipungua, na fisi maji, ambao kaa ni chakula chao kikuu, wakaingia taabani.

Mnyama huyu anatembea, ndiyo. Huko Guadalquivir dume mmoja aliyewekewa kifaa cha kufuatiliwa alitembea kilomita 17 kwa siku nne. Usiku wa mvua anaweza kutoka majini na kuvuka nchi kavu, mradi matamvua yake yamebaki na unyevu. Lakini Bahari ya Atlantiki hakuivuka kwa miguu. Wala Naivasha hadi Maungu hatafika kwa miguu. Hatua zake zote kubwa amebebwa, na kila aliyembeba alikuwa na sababu nzuri.

"Lakini huku kwetu ni kukavu"

Nilimpigia binamu kumweleza haya. Alinisikiliza, kisha akanipa hoja ambayo, kusema ukweli, hata mimi ilinikamata.

"Kaka, Naivasha ni ziwa. Huku ni silanga. Januari au Septemba jua likipiga, silanga linakauka, unabaki udongo uliopasuka. Wakinishinda, nasubiri kiangazi. Wote wanakufa. Kwisha maneno."

Hoja nzuri. Ni hoja ambayo wengi tungeitoa. Na ndipo biolojia ya huyu mnyama inapokuwa ya kutisha kidogo.

Kwao Louisiana ni mabwawa na vinamasi ambavyo hujaa maji msimu mmoja na kukauka msimu mwingine. Kukauka si ajali kwake, ni ratiba. Maji yakianza kupungua, anachimba. Anatoboa shimo la wima kwenye tope, mara nyingi kufikia kina cha mita moja au hata zaidi, akifuata unyevu unavyoshuka. Udongo anaoutoa anaurundika mdomoni mwa shimo kama bomba la moshi, kisha anaziba. Huko ndani kuna unyevu wa kutosha kupumua. Anakaa kimya, miezi inapita. Jike huweza kutaga humo humo shimoni na kukaa na mayai yake.

Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo unalainika. Mlango unafunguka. Anatoka na watoto.

Kwa hiyo silanga linalokauka si kaburi lake. Linamfanya ajisikie nyumbani. Sisi tunadhani ukame wa Kasigau ni ukuta wetu, kumbe kwake ni mlango anaoujua.

Na kuna ubaya mwingine. Silanga letu ni nini? Ni shimo la udongo na kingo za udongo. Hakuna saruji. Mnyama anayechimba mashimo ya mita moja kwenye kingo za udongo anafanya nini? Anavujisha maji. Wakulima wa mpunga Hispania, Ureno na Misri wanamjua kwa hilo kuliko kwa ladha yake: ametoboa kuta za majaruba na mifereji. Sasa fikiria silanga moja linalotegemewa na mbuzi wa kijiji, nguo za kufuliwa, na ndovu wanaoshuka usiku kunywa wakipita kati ya Tsavo mbili. Likianza kuvuja mwezi wa Julai, badala ya maji kufika Septemba yanaisha Agosti. Nani atawaeleza wazee kwenye baraza kwamba ilikuwa biashara ya kamba?

Halafu, nani atamtoa? Kutega mitego kunapunguza, hakumalizi, kwa sababu wadogo wanapita kwenye matundu. Kukausha bwawa, tumeshaona, yeye anachimba tu. Kumwaga sumu kutaua samaki, vyura, na pengine ng'ombe wa jirani. Nimetafuta nchi kubwa iliyoweza kumwondoa kabisa baada ya kuenea. Sijaipata.

Na kichocho je?

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao singekuwa mkweli nikiuficha. Kamba mwekundu anapenda sana konokono. Na konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa unaowasumbua watoto wengi wanaocheza na kuchota maji kwenye mabwawa.

Watafiti wa Kenya na Marekani, akiwemo Gerald Mkoji wa taasisi ya KEMRI, walilijaribu hilo. Walichukua jozi tatu za vijiji katika wilaya za Machakos na Kitui za wakati huo, kijiji kimoja cha kila jozi kikawekewa krefishi kwenye mabwawa yake, kingine kikaachwa. Watoto wa shule walitibiwa, kisha wakafuatiliwa waone nani anaambukizwa tena. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba kwenye baadhi ya maeneo yenye krefishi maambukizi mapya yalipungua kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo si shetani. Ni mnyama anayefanya kazi yake. Mtu akikwambia ana faida, usimwite mwongo.

Lakini ona tofauti. Jaribio lile lilikuwa na madaktari, vipimo na dawa. Hata hivyo, kuna wanasayansi waliojiuliza: mbona tusitumie mlaji konokono ambaye ni mwenyeji? Nchini Senegal, bwawa la Diama lilipojengwa kwenye mto Senegal katika miaka ya 1980, lilizuia kamba wa asili wa mto kupanda na kushuka, na kichocho kikalipuka. Watafiti wakarudisha kamba wale wale wa asili kwenye kijiji kimoja, na mwaka 2015 wakaripoti kuwa konokono wenye vimelea na maambukizi kwa watu yalipungua. Faida ile ile, bila kuleta mgeni asiyeondoka.

Tena kuna jambo la ramani. Mto Athi unatoka juu upande wa Nairobi na Machakos, unashuka, unapita Tsavo ukiitwa Galana, na kuingia baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Maji ya Kenya yana majina mengi lakini mara nyingi ni maji yale yale. Unachomwaga kwenye bwawa lako, mvua kubwa ikija, si chako tena.

Tumeshawahi kuiona sinema hii

Kama unadhani natia chumvi, muulize mtu wa Baringo kuhusu mathenge. Mti ule uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni. Nia njema, miche ya bure. Baada ya miaka 20 ulikuwa umemeza malisho, na maganda yake matamu yaliozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ilikwenda mahakamani kuishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akawa sehemu ya ushahidi. Watu walicheka. Mwenye mbuzi hakucheka.

Nyumbani Taita Taveta tunajua habari za Ziwa Jipe, linalopakana na Tanzania, ambako magugu yamejaa hadi wavuvi wanahangaika kupata njia ya mtumbwi. Hatuhitaji somo jingine kwa gharama zetu.

Sheria nayo iko. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 haikuachii uchukue kiumbe cha majini kutoka kwingine na kukimwaga kwenye maji mapya bila kibali. Na hapo "samaki" kisheria si mwenye mapezi tu. Kaa na kamba wamo.

Basi kijana afanye nini?

Binamu yangu hakutaka mhadhara. Alitaka hela. Na hilo ni haki yake. Kwa hiyo tuliongea biashara.

Kwanza, soko. Naivasha yenyewe, yenye ziwa zima, barabara ya lami na hoteli za watalii, ilipoteza soko lake la Ulaya miaka ya 1980. Leo Hispania wanavua wao wenyewe, na China inatoa mamilioni ya tani. Wewe na silanga lako Rukanga utamuuzia nani? Kwetu wenyewe nyanya hawezi kugusa kitu chenye magando. Ukimletea atauliza kama hicho ni nge.

Pili, kama ni ufugaji wa majini, kuna tilapia na kambare, samaki wanaojulikana sokoni Voi na wanaoliwa bila maelezo. Hata hao usiwatoe mahali popote na kuwamwaga mahali popote. Nenda ofisi ya uvuvi ya kaunti, uliza vifaranga vinatoka wapi, na uliza kama maji yako yanafaa. Kidimbwi cha karatasi ya plastiki nyumbani, ulichokizungushia wavu, kina mipaka. Silanga la kijiji halina.

Tatu, ukiwa na rafiki Naivasha na unataka kuonja, kula huko huko. Waliopikwa hawazaani. Hatari iko kwa walio hai wanaosafirishwa. Na kama wewe ni mvuvi au mtafiti unayetoka ziwa moja kwenda jingine, osha nyavu na buti, kaushe juani kabisa kabla ya kuingia maji mapya.

Nne, ukimwona mnyama huyu mahali ambapo hakuwahi kuonekana, piga picha, andika mahali na tarehe, peleka kwa maafisa wa uvuvi au wa KWS. Simu yako inaweza kufanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Akigunduliwa akiwa kwenye bwawa moja, kuna la kufanya. Akishafika kwenye mto, tunabaki kuhadithiana.

Nilipomaliza kuongea, binamu yangu alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kasigau mtandao una tabia zake.

"Kaka," akasema mwishowe, "ndoo nilikuwa nimeshanunua."

"Ya lita ngapi?"

"Ishirini. Ina mfuniko."

Nikamwambia aitumie kubebea maji. Zile elfu tano nilimtumia, lakini kwa masharti: Jumatatu apande matatu hadi Voi, akaulize habari za vifaranga vya kambare. Amenitumia picha akiwa mlangoni mwa ofisi, amesimama kwenye foleni, amevaa shati lake la Krismasi.